Kalenda ya panya wa Uyui: urefu wa siku, joto na mvua

Mwalimu mmoja wa sekondari katika wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, ameniandikia hivi: "Wakati wa kung'oa karanga, mwezi wa tano, jembe langu hufukua viota vya panya vilivyojaa watoto. Mwezi wa kumi nikichimba mashimo yale yale nakuta panya wengi, lakini hakuna mtoto wala jike mwenye mimba. Ghalani kwangu hali ni tofauti kabisa, maana huko wanazaa mwaka mzima. Jirani yangu anasema sababu ni taa ya sola ninayoiacha ikiwaka usiku kucha. Mwanafunzi wangu mmoja naye amesoma kwamba mamalia wadogo huzaa kwa kufuata urefu wa siku na joto. Mimi mwenyewe nimeona kwamba mwanzoni mwa Novemba jua hutoka saa 12 na dakika 20 hivi, na katikati ya Februari hutoka karibu saa 1. Je, panya wangu wanafuata jua, joto, au taa?"

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze nimelipataje. Panya wako wa shambani wanafuata mvua, au kwa usahihi zaidi wanafuata chakula kinachoota na kukomaa kwa sababu ya mvua. Urefu wa siku, ambao kwa wanyama wa Ulaya na Siberia ndio kalenda kuu, kwenu hubadilika kidogo mno, na tarehe za uzazi wa panya wenu hazishikamani nao. Joto lina nafasi yake, lakini humwongezea au kumpunguzia mama gharama ya kulea bila kumtajia mwezi. Taa yako haina kosa, ingawa jirani yako hajakosea kabisa kuitilia shaka, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo ni lazima tutenganishe wanyama wawili ambao jina la panya linawaweka kapu moja. Yule wa kwenye karanga, kwa maelezo yako, karibu bila shaka ni panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye ni mwenyeji wa Afrika na ndiye mharibifu mkuu wa nafaka mashambani katika nchi yetu. Ukitaka uhakika, mshike jike mzima umgeuze tumbo juu, uhesabu chuchu. Panya wengi wana chuchu 10 au 12, lakini huyu ana safu mbili ndefu zinazotoka kifuani hadi kwenye kinena na zinaweza kufika chuchu 24. Hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na uzao mmoja huwa na wastani wa watoto 11. Yule wa ghalani, mwenye masikio makubwa na mkia mrefu kuliko mwili, ni panya wa paa, Rattus rattus, mgeni aliyetoka Asia akasambaa na majahazi, misafara na baadaye reli. Hawa wawili wanaishi maisha tofauti, na jibu la mmoja halimfai mwenzake.

Sasa nije kwenye alichokisoma mwanafunzi wako, kwa sababu alichokisoma ni kweli, isipokuwa ni kweli ya mahali pengine. Mwaka 1932 John Baker na R. M. Ranson, wakifanya kazi Oxford, waliwachukua panya wa nyasi wa Uingereza, Microtus agrestis, wakawapa kundi moja mwanga wa saa 15 kwa siku na kundi jingine saa 9. Kundi la saa 9 karibu liliacha kuzaa, na majike waliathirika zaidi kuliko madume. Tangu wakati huo mnyama aliyechunguzwa zaidi katika jambo hili ni hamsta wa Syria, panya mnene wa mkia mfupi anayelala usingizi mzito chini ya ardhi wakati wa baridi. Hamsta huyu ana mpaka wake: akipata mwanga wa saa 12 na nusu au zaidi kwa siku, korodani zake hubaki kubwa na zenye kazi, lakini mwanga ukipungua chini ya hapo, ndani ya wiki 8 hadi 10 hivi korodani husinyaa hadi sehemu ndogo tu ya uzito wake wa awali.

Kinachopima urefu huo kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwani wengi hudhani mnyama anahesabu mwanga, kumbe mwili wake unahesabu giza. Mwanga ukiingia kwenye retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, hupasha habari kundi dogo la seli katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, ambalo ndilo saa ya mwili. Saa hiyo huiamuru tezi ya pineali, iliyoko kati ya nusu mbili za ubongo, itoe homoni ya melatonini wakati wa usiku tu. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hukaa damuni kwa saa nyingi, na usiku ukiwa mfupi hukaa saa chache, kwa hiyo muda wa melatonini ndio barua inayosomwa na mwili. Sehemu ya juu ya pituitari, tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, huisoma barua hiyo, kisha huamua ni kiasi gani cha homoni ya thairoidi kiamshwe ndani ya haipothalamasi. Hapo neuroni, yaani seli za neva, zinazotoa kisipeptini, kemikali inayoamsha mfumo wa uzazi, huongeza au hupunguza kazi, na mwisho wa mnyororo ni homoni zinazoamsha au kulaza korodani na ovari. Mwaka 1965 Roger Hoffman na Russel Reiter walionyesha kwamba hamsta aliyeondolewa tezi ya pineali hasinyai korodani hata akiwekwa gizani, yaani barua ilikuwa imekatizwa njiani.

Kuna jambo moja kuhusu hamsta huyo ambalo hunivutia kila ninapolirudia. Akikaa katika siku fupi kwa miezi mitano hivi, korodani huanza kukua tena zenyewe, bila mwanga wowote kuongezeka. Maana yake ni kwamba mnyama aliyelala shimoni, asiyeliona jua, anatoka chini katika majira ya kuchipua akiwa tayari kuzaa. Hapo ndipo faida ya kalenda ya mwanga inapoonekana, kwa sababu kalenda hiyo humtangulizia mnyama habari. London siku ndefu kuliko zote ina mwanga wa saa 16 na dakika 38 hivi, na fupi kuliko zote haifiki saa 8, na kila mwaka tarehe ni zile zile. Mnyama wa huko akipima giza la Agosti anajua, kabla baridi haijafika, kwamba watoto atakaowazaa baada ya miezi miwili watakuta theluji.

Twende sasa Tabora. Mji wenu uko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Ukipima kuanzia ukingo wa jua kuchomoza hadi kuzama, siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, ina saa 12 na dakika 25 hivi, na fupi kuliko zote, mwezi Juni, ina saa 11 na dakika 50. Tofauti ya mwaka mzima ni kama dakika 35, wakati ya London inakaribia saa 9. Tuseme hamsta wa Syria ahamishiwe Uyui: kwa kipimo hicho cha jua hata siku yenu ndefu kabisa isingefika mpaka wake wa saa 12 na nusu, na ni nuru ya alfajiri na ya magharibi tu ambayo ingeweza kumvusha.

Hapa lazima nisimame kwenye saa yako ya ukutani, Mwalimu, maana umeona kitu cha kweli na tafsiri yake ikakuponyoka. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza Tabora saa 12 na dakika 20 na kitu, na katikati ya Februari huchomoza saa 1 kasoro dakika 5 hivi. Lakini angalia upande wa pili wa siku. Novemba jua huzama kama saa 12 na dakika 40 jioni, na Februari huzama saa 1 na dakika 10 hivi. Asubuhi imechelewa kwa nusu saa, na jioni nayo imechelewa kwa karibu nusu saa, kwa hiyo urefu wa siku umebaki vile vile, saa 12 na dakika 16 hadi 18. Siku nzima imesogezwa mbele kama mkeka unaovutwa sakafuni bila kunyooshwa. Hayo yanatokana na mzingo wa dunia usio duara kamili na mlalo wa mhimili wake, ambavyo hufanya jua litangulie saa zetu mwezi Novemba na kuchelewa mwezi Februari. Panya hana saa ya ukutani. Kwake Novemba na Februari ni siku za urefu mmoja, ingawa moja ni miezi ya njaa inayoelekea kwisha na nyingine ni nyasi zinazoanza kukomaza mbegu.

Hata hivyo, sitaki uondoke ukidhani kwamba udogo wa tofauti peke yake unamaliza hoja, kama wengine wanavyofundisha. Mwaka 1998 Michaela Hau na wenzake walionyesha kwamba ndege mdogo wa misitu ya Panama, nchi iliyo nyuzi 9 tu kutoka Ikweta, hukuza viungo vya uzazi akiongezewa mwanga wa dakika 17 kwa siku. Kiumbe anaweza kupima kidogo hicho. Kwa hiyo swali sahihi ni kama anakitumia, na ushahidi wake lazima utafutwe kwa panya mwenyewe.

Ushahidi tunao, na umetoka hapa hapa nchini. Kuanzia miaka ya 1980 Herwig Leirs na wenzake, Wabelgiji na Watanzania wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliwafuatilia panya shamba wa Morogoro kwa kuwatega mwezi baada ya mwezi. Morogoro ina faida kwa utafiti wa aina hii, kwa sababu mvua zake ni za vipindi viwili, vuli na masika, na vuli haitabiriki: mwaka mmoja inanyesha vizuri, mwaka mwingine inapita kama uvumi. Jua kwa upande wake halijawahi kubadilisha tarehe. Kama panya wangekuwa wanafuata urefu wa siku, wangeanza kuzaa wakati ule ule kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Sivyo ilivyokuwa. Uzazi ulianza takriban mwezi mmoja baada ya mvua kubwa kuanza, na mvua zilipohama, uzazi nao ulihama. Zaidi ya hayo, vuli iliponyesha kwa wingi, watoto waliozaliwa mapema walikomaa upesi na kuzaa katika msimu huo huo, hivyo panya wakafurika. Kwa msingi huo, mwaka 1996 walipendekeza kwamba wingi wa mvua za mwanzo wa msimu utumike kutabiri miaka ya mlipuko. Kwangu hoja hiyo ina nguvu kuliko hesabu yoyote ya dakika za mwanga, kwa kuwa inawatenganisha washukiwa wawili ambao kwa kawaida hutembea pamoja.

Kazi hiyo inaeleza pia wale panya wako wa Oktoba. Umewaona wengi, na hukuona mtoto kati yao. Nadhani wengi wao ni vijana wa viota vile vile vya mwezi wa tano, ambao kiangazi kimewasimamisha. Panya shamba aliyezaliwa mwishoni mwa mvua hukua haraka mwanzoni, kisha uzito wake unakwama, wakati mwingine hata chini ya gramu 30, na hubaki hivyo miezi kadhaa bila kubalehe, akingoja mvua mpya. Ukimpasua jike wa namna hiyo, jambo ambalo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, mfuko wa uzazi ni nyuzi mbili nyembamba zenye weupe wa maji, na unaweza kuzikosa kama hukuinamia meza. Jike wa Aprili huhitaji kuinamia kitu: pembe mbili za mfuko wa uzazi zimejaa vivimbe vilivyopangana kama shanga kwenye uzi, kila shanga mtoto mmoja. Kwa madume, wale wa Oktoba korodani zimerudi ndani ya tumbo na zina ukubwa wa punje ndogo ya maharage, ilhali za Aprili zimeshuka na zinaonekana hata mnyama akiwa bado mtegoni.

Utauliza, na ni haki yako, ni kitu gani ndani ya mvua ambacho panya hukisoma. Maji yenyewe yana sehemu, kwa kuwa jike anayenyonyesha hutoa maji mengi kupitia maziwa, na mbegu kavu za Septemba haziwezi kuyarudisha. Protini ina sehemu kubwa zaidi: mvua za kwanza huleta machipukizi na wadudu, wakiwemo kumbikumbi ambao panya shamba hawaachi kuwala, na baadaye huja mbegu za nyasi, mahindi machanga, karanga. Lakini huenda pia kuna ishara ya kikemikali iliyo nje ya lishe. Mwaka 1981 Patricia Berger, Norman Negus na wenzao, wakichunguza panya wa nyasi wa milimani huko Marekani, waligundua kwamba machipukizi machanga ya nyasi yana kampaundi iitwayo 6-MBOA. Waliipaka kwenye nafaka wakawalisha panya wa porini katikati ya majira ya baridi, wakati ambao kwa kawaida hawazai, na majike wakashika mimba. Zingatia kilichotokea: siku zilikuwa fupi, kalenda ya mwanga ilikuwa inasema "bado", na jani bichi likaipinga. Kampaundi hiyo imo katika miche michanga ya mahindi na ngano pia. Kwa spishi nyingine majaribio yameleta matokeo yanayotofautiana, hivyo nisingekushauri uwafundishe wanafunzi kwamba ndiyo ufunguo wa panya wa Tabora. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba mnyama mdogo mwenye mimba ya wiki tatu hana haja kubwa ya utabiri wa mbali. Tembo anayebeba mimba karibu miaka miwili hawezi kungoja nyasi zichipue ndipo ashike mimba. Panya anaweza, na mtoto wake ataachishwa ziwa kabla nyasi hizo hazijakauka.

Kuhusu joto, mwanafunzi wako amelisoma likiwa pamoja na urefu wa siku, na ndivyo vitabu vinavyoviweka, lakini ni vitu viwili vyenye kazi mbili. Urefu wa siku ni habari, na joto ni gharama. Panya mdogo ana ngozi nyingi kwa uzito wake, kwa hiyo kwenye baridi hupoteza joto upesi na lazima ale zaidi ili abaki alivyo, kabla hajafikiria mimba. Ndiyo maana kwa hamsta wa Siberia baridi huharakisha kusinyaa ambako siku fupi zimekwisha kukuanzisha. Hata hivyo baridi peke yake si katazo. Uingereza katika miaka ya 1940 walichunguzwa panya wadogo wa nyumbani waliokuwa wakizaa ndani ya maghala ya nyama iliyogandishwa, chini ya nyuzi sifuri, gizani. Walikuwa na chakula kisichokwisha na vitu vya kujengea viota, na hivyo viliwatosha.

Kwenu Tabora usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na mchana wa Oktoba hupanda hadi kama 32. Baridi hiyo ya Julai si kitu kwa mnyama anayelala na wenzake ndani ya shimo lenye majani makavu, kwa sababu udongo wa ndani haufuati usiku wala mchana wa juu. Linalonishughulisha zaidi ni joto la Oktoba, na hapa nitakueleza utafiti ambao huwashangaza hata wataalamu. Mama anayenyonyesha ni kama tanuri: anakula mara kadhaa zaidi ya kawaida, na kutengeneza maziwa kunazalisha joto ambalo lazima litoke mwilini. Elżbieta Król na John Speakman, huko Aberdeen, Uskoti, waliwaweka panya wa maabara wanaonyonyesha kwenye nyuzi 8, 21 na 30. Wale wa nyuzi 8, ambao ungedhani wameteseka, ndio waliotoa maziwa mengi zaidi, na wale wa nyuzi 30 walitoa machache kuliko wote. Baadaye, mwaka 2007, waliwanyoa mama manyoya ya mgongoni, wakala zaidi na watoto wao wakakua upesi zaidi. Kilichokuwa kikiwazuia kilikuwa joto la mwili wao wenyewe. Kwa panya shamba anayenyonyesha watoto 11 hilo si jambo dogo, ingawa yeye hutoka usiku na hushinda shimoni mchana. Ninaamini kwamba hata kama chakula cha Oktoba kingekuwapo, kulea wakati huo kungemgharimu kuliko Aprili, lakini joto hilo lisingemzuia kama njaa inavyomzuia, na ushahidi wangu ni ghala lako mwenyewe.

Ndani ya ghala mwezi wa kumi kuna joto kuliko shambani, hasa kama umeezeka bati, na bado panya wanazaa. Wana mahindi yaliyorundikwa tangu mavuno, wana kivuli, na nina hakika kuna maji karibu, pengine mtungi au beseni la kuku. Panya wa paa na panya wadogo wa nyumbani wameishi na nafaka za binadamu kwa maelfu ya miaka, na kwa wanyama wa aina hii urefu wa siku una nguvu ndogo sana juu ya uzazi. Jirani yako ana haki ya kutilia shaka taa kwa sababu moja: mwanga wa usiku hukatiza melatonini kwa wanyama wengi, na hamsta anayemulikwa usiku angedhani ni majira ya siku ndefu. Lakini izime taa wiki nzima, na panya wako wataendelea kuzaa gizani mradi mahindi yapo. Ukihamishia mahindi kwenye kihenge kilichoinuliwa juu ya nguzo zenye vikinga vya bati, au kwenye mapipa yanayofungika, watapungua hata taa ikiwaka. Kwa kweli taa ina faida ndogo, kwani panya hawapendi kutembea kwenye mwanga.

Usifanye haya kuwa sheria ya wanyama wote wa tropiki. Hata ndani ya spishi moja mambo hubadilika kwa mahali. Kwa panya wa miguu myeupe wa Marekani, utafiti wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba wale waliotoka Connecticut, kaskazini, husinyaa korodani katika siku fupi, na wale wa Georgia, kusini zaidi, huitikia kidogo. Baadaye Paul Heideman, kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi kutoka kundi moja la Virginia, alipata ukoo unaoitikia mwanga na mwingine usiouitikia. Sifa hiyo inarithiwa na imo kundini kwa viwango tofauti, hivyo mahali ambapo jua linatabiri chakula huongezeka, na mahali ambapo halitabiri hupungua.

Umeniuliza kuhusu biolojia, lakini najua shamba linakungoja. Kwa kuwa panya shamba huwa wengi mwishoni mwa kiangazi na wenye njaa, na kwa kuwa hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni, wakati wa kupambana nao ni kabla tu ya kupanda, wakiwa bado hawajaanza kuzaa: kila jike anayeondolewa hapo ameondoka na uzao wake wa kwanza. Mfanye kwa pamoja na majirani, maana shamba moja lililosafishwa hujazwa tena na panya wa jirani ndani ya wiki chache. Na mwaka ambao mvua nzuri zimewahi, usingoje hadi mavuno ndipo uanze kuhesabu hasara.

Ukitaka kunisahihisha, nawe una wanafunzi na kipande cha ardhi, kazi si ngumu. Tengeneza kipima mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na kila asubuhi mwanafunzi mmoja aandike milimita. Tega mitego 20 kwa usiku tatu mfululizo kila mwezi, pale pale, kwa chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba. Kwa kila panya andikeni uzito, jinsia, kama korodani zimeshuka, kama chuchu zimevimba, na kama tumbo linaonyesha mimba. Vaeni glavu, funikeni pua na mdomo, na asishikwe panya na mwanafunzi mwenye kidonda mkononi, kwa sababu wanyama hawa hubeba leptospira, bakteria wanaoweza kumwambukiza binadamu, na viroboto wao huweza kubeba tauni. Fanyeni hivyo kwa misimu mitatu angalau. Mvua ikichelewa kwa wiki tano mwaka mmoja na mimba ya kwanza ikachelewa kwa muda kama huo, mtakuwa mmeona yale yale ya Morogoro. Ikiwa mvua itahama na mimba zikabaki kwenye tarehe ile ile, niandikie haraka, kwa sababu itabidi nilirudie jibu hili kuanzia kwenye zile dakika 35.